Mbwa wa Mtaani Ni Jukumu la Nani? Daktari wa Mifugo Ajibu

Barua zenu kuhusu mbwa zimekuwa nyingi. Nimejibu zile zinazoninyima usingizi.

Swali: Mbwa wamejaa sokoni kwetu. Chifu anatutuma kaunti, kaunti inatuambia ni kazi ya serikali kuu. Twende wapi?

Jibu: Kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezikabidhi kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na leseni za mbwa zimetajwa waziwazi. Jedwali hilohilo limezipa pia udhibiti wa magonjwa ya wanyama na uzoaji wa taka. Andikeni malalamiko yenu mkilitaja, na nakala mpelekee mwakilishi wa wadi.

Swali: Kwa nini mbwa wote wanaorandaranda wasipigwe risasi, kichaa cha mbwa kiishe? (Barua kadhaa zimeuliza hili, nazijibu kwa pamoja.)

Jibu: Kwa sababu hakiishi. Mbwa wamepigwa risasi na kulishwa sumu miaka nenda miaka rudi, na ugonjwa bado tunao. Tazameni jaa lililo nyuma ya kichinjio: matumbo, mifupa, mabaki ya mahotelini. Chakula hicho hakikai bila walaji. Ukiwaua wa leo, wa mtaa wa pili wanahamia. Jike aliyesalia hubeba mimba siku 63 hivi tu, na watoto wake wanakuta shibe. Wageni hao wote hawajachanjwa.

Risasi nayo haiulizi cheti. Inamuua hata mbwa aliyechanjwa mwezi uliopita, ambaye ndiye aliyekuwa kizuizi cha ugonjwa. Wenye mbwa wakisikia msako unakuja, huwaficha au huwapeleka kwa ndugu kijijini, akiwemo yule ambaye tayari ameambukizwa.

Kinachokata maambukizi ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, kila mwaka, bila kuruka kijiji. Kisiwani Pemba walifanya hivyo, maambukizi yakakoma 2014. Ugonjwa uliporudi 2016 walichanja tena, na ukakoma 2018. Wala msiniambie mbwa hao hawashikiki. Wengi mnaowaita wa mtaani wana kwao; siku ya chanjo watoto ndio huwaleta, wamewafunga kipande cha kamba shingoni.

Swali: Je, niweke nyama yenye sumu nje ya ua?

Jibu: Usithubutu. Ni ukatili, na mtoto anaweza kuiokota.

Swali: Mwanangu aliumwa na mbwa. Mganga alipaka pilipili na kubandika jiwe jeusi. Siku tatu zimepita, hana dalili. Amepona?

Jibu: Mpeleke hospitali leo hii. Virusi hupanda polepole kwenye neva, mara nyingi kwa wiki au miezi, na dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, hata kama mmechelewa, kisha apate chanjo na amalize dozi zote. Mganga anayejisifu kuponya kichaa huenda aliwatibu watu walioumwa na mbwa asiye mgonjwa.

Swali: Nazalisha na kuuza mbwa wa Kijerumani. Leseni ya nini?

Jibu: Ili mtu aje kukagua banda lako. Jike asizalishwe kila anapoingia joto, na watoto wasiachishwe mama kabla ya wiki nane. Kaunti inayotoza ada bila kukagua nayo inafanya biashara tu.

Swali: Mbwa wangu hajafikisha miezi mitatu. Nimlete kwenye chanjo ya kampeni?

Jibu: Mlete.

Swali: Sisi wananchi tufanye nini?

Jibu: Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na hotuba hazitakosekana. Kabla ya hapo, nendeni kwenye vikao vya bajeti vya kaunti mkaulize fungu la chanjo ya mbwa ni kiasi gani. Likiwa halipo, msiondoke hadi liandikwe.