Hesabu ya Kodi Haingoji Siku ya Mwisho

Kila mwaka, juma la mwisho la mwezi wa Juni likifika, jambo moja huonekana katika miji ya Kenya. Vibanda vya saiba hujaa watu tangu asubuhi hata usiku, na katika vituo vya Huduma milolongo hufika nje ya mlango. Huyu ameshika bahasha ya karatasi zilizokunjamana. Yule amesahau neno la siri la kufungulia iTax. Na mwingine anamweleza kijana wa saiba mambo ya biashara yake ambayo hata mkewe hajapata kuyasikia. Wote wanakimbizwa na siku moja, yaani 30 Juni, siku ya mwisho ya kupeleka kwa Mamlaka ya Mapato, KRA, ritani ya kodi ya mwaka uliopita. Na mwaka wenyewe ulikwisha tarehe 31 Desemba! Walikuwa na miezi sita mizima.

Mwenye kazi ya mshahara ana nafuu kidogo. Mwajiri wake hukata kodi kila mwezi na kumpa hati ya P9 yenye hesabu yote tayari. Leo twataka kunena na yule asiye na mwajiri: fundi cherehani, seremala, mwenye duka, mpiga picha, mama mwenye hoteli ndogo. Huyu ni bwana wa kazi yake na karani wake mwenyewe, na hapo ndipo penye taabu. Bwana hufanya kazi kwa bidii, lakini karani amelala.

Kwa nini amelala? Watu wepesi wa kulaumu husema ni uvivu. Sisi hatukubali. Fundi anayekaa kwenye cherehani yake kabla ya jua kuchomoza hawezi kuitwa mvivu. Anayoahirisha si kazi, ni hofu. Ana hofu ya kujua anadaiwa kiasi gani, kwa sababu fedha zimekwisha kwenda katika karo na dawa. Ana hofu ya fomu ambayo maneno yake hayaelewi vizuri. Tena kazi hii haina mteja wa kuja mlangoni kuidai. Gauni la harusi lisipokuwa tayari Ijumaa, bibi arusi hulia Jumamosi. Lakini ritani isipoandikwa mwezi wa Februari, hakuna anayelia. Basi kila siku mtu hujiambia, “Kesho,” na kila kesho mzigo huwa mzito zaidi, kwa maana kumbukumbu hufifia, wino wa risiti hufutika, na mwenye duka la vitambaa aliyekuuzia huhamia mtaa mwingine. Wahenga walisema kweli: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Yafaa sasa tusahihishe kosa moja kubwa. Wengi hudhani kwamba 30 Juni ndiyo siku ya kulipa. Sivyo. Hiyo ni siku ya mwisho ya kupeleka ritani. Fedha zenyewe zina siku zake, nazo hutangulia. Mtu ambaye kodi yake ya mwaka yapita shilingi 40,000 hutakiwa kuilipa kwa mafungu manne wakati mwaka ungali unaendelea: siku ya 20 ya mwezi wa nne, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili. Salio lolote hulipwa kufikia 30 Aprili ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo, yeye anayejisifu kwamba amewahi kwa sababu amefika saibani tarehe 29 Juni amekwisha kuchelewa miezi miwili kwa salio, na zaidi ya mwaka mzima kwa fungu la kwanza. Siku aliyoiona kuwa mlango wa kuingilia ni mlango wa kutokea.

Na kuchelewa kuna bei yake. Kwa Sheria ya Taratibu za Kodi, mtu binafsi asiyepeleka ritani kwa wakati hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kile kilicho kikubwa. Kodi iliyochelewa kulipwa huongezwa asilimia 5, na juu yake riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Hata yule ambaye hakupata kitu, lakini ana namba ya kodi yenye wajibu wa ritani, akikaa kimya hutozwa zile 2,000.

Hata hivyo, ndugu msomaji, faini si hasara kubwa kuliko zote. Tuchukue mfano tulioutunga ili jambo lionekane wazi. Fundi cherehani mmoja, katika mwaka 2024, alipokea kwa wateja shilingi 900,000. Alitumia 420,000 kwa vitambaa, uzi, pango la kibanda, umeme na ujira wa msaidizi. Faida yake ni 480,000. Kwa viwango vya mwaka ule, shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani 28,800. Shilingi 100,000 zinazofuata hutozwa asilimia 25, yaani 25,000. Na 92,000 zilizobaki hutozwa asilimia 30, yaani 27,600. Jumla ni 81,400. Ondoa nafuu ya mtu binafsi ya 28,800, abaki na kodi ya 52,600.

Sasa fundi yuyo huyo aketi usiku wa 30 Juni 2025 bila daftari. Vitambaa na uzi vya shilingi 220,000 hana hati yake yoyote. Tangu 1 Januari 2024, kwa Sheria ya Fedha ya 2023, matumizi ya biashara kwa kawaida hayakubaliwi yasipokuwa na ankara ya mfumo wa eTIMS, na ankara hiyo hudaiwa siku ya kununua. Haichumwi mtini mwezi wa Juni. Basi faida yake katika hesabu yawa 700,000, na kodi yake yapanda hata 118,600. Amepoteza shilingi 66,000 ambazo hakuna aliyemwibia. Hakuzipoteza kwa kuchelewa siku moja, alizipoteza kidogo kidogo, kila mara aliponunua kitambaa akasema moyoni, “Karatasi nitaitafuta baadaye.” Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini lipo jambo zito kuliko fedha, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Mtu aliyefikishwa usiku wa mwisho bila hesabu huona njia tatu mbele yake. Njia ya kwanza ni kubuni: aandike namba yoyote inayofanana na kweli. Njia ya pili ni kupeleka ritani tupu, yaani kuapa mbele ya serikali kwamba mwaka mzima hakupata hata senti, ilhali cherehani yake haikunyamaza hata siku moja. Kijana wa saiba humshauri hivyo kwa sababu ni dakika tano tu na foleni ni ndefu. Njia ya tatu ni kuzima simu na kurudi nyumbani. Tazama, basi: mtu huyu mwezi wa Januari alikuwa mwaminifu. Hakukusudia kumdhulumu yeyote. Hakuna aliyemfundisha uongo. Kuahirisha peke yake kumemtoa katika ukweli na kumtia katika uongo, bila yeye kuichagua siku ya kuvuka.

Tena uongo huo haukai peke yake. Ritani tupu ya mwaka huu hudai ritani tupu ya mwaka ujao, maana biashara isiyokuwako jana itaonekanaje leo? Siku fundi atakapotaka mkopo wa benki anunue cherehani ya pili, ataombwa hesabu zake, na hesabu zake zitasema kwamba yeye si kitu. Ameificha kazi ya mikono yake mwenyewe. Kulipa kodi ya haki ni deni la dhamiri; lakini kuandika kweli juu ya kazi yako ni heshima pia kwa kazi yenyewe.

Wapo watakaotujibu: “Mbona nijisumbue, iwapo fedha za umma zinafujwa?” Neno hilo halifai kudharauliwa. Mwezi wa Juni 2024 raia wengi wa Kenya, hasa vijana, walitoka barabarani kuupinga Mswada wa Fedha wa mwaka ule, na tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Raia ana haki ya kuuliza kila shilingi imekwenda wapi. Lakini anayeidai serikali hesabu na awe na hesabu yake mkononi. Aliyeandika ritani ya uongo huuliza kwa sauti ya chini, akiogopa asije akaulizwa naye.

Na wapo wanaongoja msamaha. Ni kweli misamaha imekuwako: mmoja ulianza Septemba 2023 ukaisha 30 Juni 2024, na mwingine ukaanza mwishoni mwa Desemba 2024 ukaisha 30 Juni 2025. Lakini ulisamehewa nini? Faini na riba za miaka ya nyuma, tena kwa aliyelipa kodi yenyewe. Deni la asili halikufutwa. Anayepanga maisha yake juu ya msamaha ambao haujatangazwa anajenga juu ya mchanga.

Tufanyeje basi? Dawa haitaki akili ya mhasibu, yataka desturi. Twashauri mambo matano.

Kwanza, chagua nusu saa ya kila juma, iwe ile ile daima, mathalani Jumamosi jioni kabla ya kufunga kibanda. Andika katika daftari safu mbili: kilichoingia na kilichotoka. Nusu saa kwa juma ni saa 26 tu kwa mwaka mzima, nazo zitaokoa siku nyingi za mashaka.

Pili, dai ankara papo hapo ununuapo, ukitaja namba yako ya kodi, na uitunze. Sheria yataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Bahasha kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, ni ofisi ya kutosha.

Tatu, tenga fedha za kodi mbali na za matumizi, wala usizihesabu kuwa zako. Fundi wetu wa mfano angetenga kiasi cha shilingi 1,012 kila juma, na mwisho wa mwaka zile 52,600 zingekuwa tayari. Shilingi elfu moja kwa juma yauma kidogo; elfu hamsini kwa usiku mmoja huvunja nyumba. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, ujue uko chini ya kanuni ipi. Kwa sheria ya 2023, mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyopita milioni 25 kwa mwaka huweza kuangukia kodi ya mauzo, ya asilimia 3, inayolipwa kila mwezi kufikia siku ya 20 ya mwezi unaofuata. Huyo akingoja Juni amekosa mara kumi na mbili. Usipojua, uliza mwezi wa Januari, wakati afisa hana foleni na ana nafasi ya kukujibu kwa upole.

Tano, ikiwa umekwisha kuchelewa, usikimbie. Peleka ritani hata bila fedha za kulipa, kwa maana makosa ni mawili, nawe waweza kujiepusha na moja. Sheria yakuruhusu kuomba muda wa kulipa kwa mafungu. Na ikiwa mwaka uliopita ulipeleka ritani yenye makosa, yakuruhusu pia kuomba kuirekebisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa wenye nyumba tuna neno moja zaidi. Mara nyingi hofu hii hubebwa na mtu mmoja kwa siri. Mume hulala bila kusinzia mwezi wote wa Juni, na mke hajui sababu. Au mama mwenye hoteli huficha barua chini ya godoro. Fungueni daftari pamoja. Deni linalotajwa kwa sauti mezani lina ukubwa wake tu. Deni linalofichwa halina mwisho. Huenda yule mtoto anayesoma hesabu shuleni ndiye atakayekuwa karani mwema wa nyumba hiyo, naye atajifunza jambo ambalo kitabu chake hakimfundishi: kwamba wazazi wake hawaogopi ukweli.

Basi Jumamosi hii, kabla ya kufunga mlango wa kibanda, nunua daftari moja. Juu ya ukurasa wa kwanza andika tarehe ya leo, na chini yake andika ulichopokea leo na ulichotumia leo. Usianze na miezi iliyopita, isije ikakukatisha tamaa. Hiyo utairudia polepole, mwezi mmoja kila juma. Na 30 Juni itakapofika, waache wenzako wapange foleni. Wewe utakuwa kwenye cherehani yako, na sauti yake itasikika mtaani kama siku zote.