BULO INAYOKATAA KUTOKA
Somo dogo la kazi, la fizikia na la kemia



Katika ukurasa huu sisi wafinalisti tunaleta somo ambalo haliko katika horere, lakini barabarani linatafutwa kila siku. Munajua barabara zetu: matope wakati wa mvua, mavumbi wakati wa kiangazi. Bulo za magari zinaliwa na kutu mbio. Mgonjwa anangojea gari usiku, pine imetoboka, na ekru moja tu inakataa kutoka. Safari imekwisha hapo.

Wengi wanawaza kwamba dawa ni nguvu. Wanakamata kle, wanavuta watu wawili, na bulo inakatika, ao kichwa chake kinakuwa mviringo. Kazi ya nusu saa imekuwa kazi ya siku mbili. Tuone njia ingine.

1. Juu ya nini inashikama?
Katika kemia tumejifunza kwamba chuma, hewa na maji vikikutana vinazaa kutu. Kutu hiyo inachukua nafasi zaidi ya mara mbili kuliko chuma kilichoizaa. Lakini kati ya meno ya bulo na meno ya ekru nafasi ni ndogo sana. Basi kutu inasukuma pande zote kama kabari. Mwenye kuvuta tu anapigana na kabari ile, na bulo inaweza kukatika mbele ya kutu kuachia.

2. Mbele ya kuvuta
a) Sugua meno yanayoonekana kwa brosi ya chuma.
b) Uliza: inafunguka upande gani? Kwa kawaida ni upande wa kushoto, kinyume cha mishale ya saa. Lakini kwa kamio zingine, ekru za magurudumu ya kushoto zinafunguka kinyume. Mara nyingi utaona herufi L kwenye ncha ya bulo. Asiyeangalia anakaza akifikiri anafungua!
c) Chagua kle sawasawa. Land Rover za zamani zilipimwa kwa inchi. Nusu ya inchi ni milimetre 12,7. Kle ya 13 inaingia, ndiyo, lakini inacheza, na ni mchezo ule unaokula pembe za kichwa. Kle ya kuzunguka yenye pembe sita inashika vizuri kuliko ile yenye mdomo wazi.
d) Kama ni gurudumu, legeza ekru kidogo wakati lingali chini, kisha ndipo uinue gari kwa kriki.

3. Mafuta na kungojea
Tia mazutu ao petroli ya taa iliyochanganywa na mafuta kidogo ya motere. Petroli inapanda katika utambi wa taa bila kusukumwa na mutu. Vilevile inaingia kati ya meno. Lakini inaingia pole pole. Kwa bulo ngumu, tia jioni, rudilia asubuhi. Kisha gonga kichwa mara kadhaa kwa nyundo, sawasawa juu yake, ili kutu ipasuke. Sasa jaribu kukaza kidogo sana, halafu kufungua. Ikisogea, usishangilie bado: rudisha, tia mafuta, endelea. Kwenda na kurudi kunasaga kutu.

4. Mkono mrefu
Fizikia inasema: nguvu mara urefu wa mkono. Ukivuta kwa niutoni 300 kwenye kle ya metre 0,30, unapata 90. Ukitia bomba hata kufika metre 0,90, unapata 270. Nguvu ni ileile, kazi ni mara tatu. Lakini bomba halina akili. Linaweza kuvunja bulo vilevile mara tatu. Kwa hiyo linakuja nyuma ya mafuta, si mbele.

5. Moto
Pasha ekru, si bulo, ili tundu lipanuke. Tundu la milimetre 20, likipata digrii 300 zaidi, linapanuka karibu milimetre 0,07, unene wa unywele tu. Mara nyingi unywele huo unatosha. Lakini pangusa mafuta kwanza, na kaa mbali na tanki na mipira ya freni. Na usipashe hata siku moja ekru ya gurudumu lenye pine iliyojaa hewa. Pine inaweza kupasuka na kuua mutu.

6. Kichwa kikiwa mviringo
Chonga pande mbili kwa lima mpaka kle ndogo ishike. Ikishindikana, weka tindo kwenye ukingo wa kichwa, gonga kwa upande wa kufungua. Funika macho. Mwisho, fundi anaweza kuunganisha ekru mpya juu yake kwa moto wa sudire. Joto lile nalo linasaidia.

Bulo iliyoharibika isirudishwe. Na nyuma ya kufunga gurudumu, kaza tena ekru zote baada ya kilometre 50 hivi.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini tunapasha ekru na si bulo?
2. Kle ina metre 0,25, unavuta kwa niutoni 400. Unapata ngapi? Na kwa bomba la metre 1?
3. Nani kati yenu anaweza kufungua ekru za gari la shule bila kuvunja moja? Mwenye kujibu ndiyo, alete brosi na mafuta kwanza, kisha mikono.