Kumwinda palahala kwa macho: Mji wa Kale hadi Shimba

Marafiki wanaofika Mombasa na hamu ya kuwinda wajue jambo moja kabla ya kupanga safari: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na marufuku hayo yangalipo. Hakuna kibali cha kumpiga swala, nyati wala tembo, hata uwe na fedha kiasi gani. Anayetoka Tanzania, ambako uwindaji wa leseni unaendelea katika vitalu, asidhani sheria ni moja kwa kuwa pwani ni moja. Na akitokea mtu sokoni au stejini akawanong'oneza kwamba anaweza kuwapeleka porini usiku, au kuwauzia nyama ya mwitu, mkataeni na mwende zenu. Chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, anayekutwa na nyama hiyo ana kesi ya kujibu.

Lakini raha ya mawindo haikuwa kwenye risasi peke yake. Iko katika kuamka alfajiri na watu unaowapenda, kusoma nyayo barabarani, kuketi kimya pamoja hadi mmoja wenu anyooshe kidole. Hayo yote yapo, tena halali, ng'ambo ya Likoni kwenye Vilima vya Shimba, kama kilomita 33 kusini mwa kisiwa. Hifadhi hiyo ya taifa ilitangazwa mwaka 1968, na katika Kenya nzima ndiko kulikobaki palahala wa porini.

Palahala, ambaye wengine humwita mbarapi, ni mnyama wa kumfungia safari. Dume lililokomaa ni jeusi la kung'aa, tumbo jeupe, uso una mistari myeupe, na pembe zimepinda kurudi nyuma kama jambia, nyingine zikipita urefu wa mita moja. Majike na ndama ni wa rangi ya hudhurungi, na ndio wengi katika kundi. Anayetafuta weusi peke yake atawapita majike pembeni mwa njia asijue alichokipita.

Uzuri huo ulimgharimu. Mwezi Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa kuanza safari ya mawindo iliyokusanya ngozi na mifupa kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kwa hesabu yao wenyewe. Kermit ndiye aliyerudi pwani baadaye mwaka huo, akavuka kwenda Shimba kumsaka palahala, akampata. Mwaka 1910 mwanasayansi Edmund Heller, aliyekuwa katika msafara ule, alimtangaza palahala wa Shimba kwa jina la kisayansi lenye ukoo wa Roosevelt, na jina hilo linatumika hadi leo. Nawaza kwamba wenyeji wa Kwale, kando ya vilima hivyo, walimjua mnyama huyo vizazi vingi kabla ya meli ile kutia nanga, na hakuna aliyewauliza.

Kwa sababu ya historia hiyo ya mawindo nawashauri mlale Mji wa Kale wa Mombasa usiku wa kwanza, ingawa Diani iko upande wa kusini na haihitaji feri. Diani itawapa mchanga na bahari. Kisiwa kitawaonyesha biashara ya mawindo ilikopitia. Anzeni Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliiweka katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Tokeni mfuate Ndia Kuu, mpite Msikiti wa Mandhry ulioanza mwaka 1570, mteremke hadi bandari ya zamani yalikoegesha majahazi. Pembe za ndovu zilizotoka bara, nyingine zikiletwa na wawindaji wa Kikamba, zilipakiwa humo kwenda Arabuni na Bara Hindi karne kwa karne. Zile pembe kubwa zinazopinda juu ya Barabara ya Moi, zinazopigwa picha na kila mgeni, si za ndovu, ni za aluminiamu. Ziliwekwa miaka ya 1950 kumlaki mgeni wa ukoo wa kifalme wa Uingereza.

Mji wa Kale ni mtaa wa watu, kwa hiyo ingieni kwa adabu. Funikeni mabega na magoti, wanaume pia. Salamu itangulie kabla ya swali lolote. Mzee aliyeketi barazani apewe shikamoo yake, na kamera isubiri ruhusa. Adhuhuri ya Ijumaa msizibe vichochoro vya misikitini. Jioni kuleni mishkaki na viazi karai, kisha mtafute muuza kahawa mwenye dele lake na kashata. Kahawa chungu baada ya magharibi ndio wakati wa kugawana kazi za kesho: nani atashika darubini, nani atakaa mbele na dereva, nani atabeba chakula. Kundi la watu wanne au watano linatosha. Wakizidi hapo, kunyamaza kunakuwa kazi.

Malizeni malipo ya kiingilio usiku huohuo. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hupokea malipo kwa njia ya eCitizen na si fedha taslimu, na mtandao wa kisiwani ni wa kutegemewa kuliko wa vilimani. Kila mmoja achukue kitambulisho au pasipoti. Maji yawe kwenye chupa za kutumia tena, kwa sababu tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za Kenya. Mkate wa mofa, ndizi na machungwa havina taabu ya kubeba.

Gari ni lazima. Matatu ya Likoni itawafikisha Kwale kwa urahisi, ila haitawazungusha ndani, na kutembea peke yenu kwenye msitu wa tembo ni kujitafutia kifo. Kodini gari lenye dereva anayeijua Shimba, na miezi ya masika chukueni lenye nguvu ya magurudumu manne, maana udongo wa kule huteleza. Fikeni kwenye feri mnamo saa kumi na moja alfajiri. Asubuhi umati hutoka Likoni kuja kazini kisiwani, na jioni hurudi. Nyinyi mtakuwa mnakwenda kinyume chao safari zote mbili. Wapita kwa miguu hawalipi, gari hulipiwa. Wasiotaka feri wana barabara ya Dongo Kundu, ndefu zaidi lakini haina foleni ya kusubiri chombo. Na wanaotoka Tanga kupitia Lunga Lunga wataikuta njia panda ya Kombani, ya kwenda Kwale, kabla ya Likoni, hivyo wanaweza kuanza na Shimba na kumalizia na Mji wa Kale.

Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili za kwanza ndizo za thamani. Mara nyingi ukungu hulala juu ya vilima; msikate tamaa, ukipanda ndipo nyasi zinapofunguka. Palahala hupenda uwanda wa nyasi ulio karibu na msitu, na mahali palipoungua zamani kidogo, majani mabichi yanapochipua, huwavuta sana. Mwambieni dereva aende polepole kandoni mwa msitu, azime injini kila mnapopata mwonekano mpana, kisha mgawane pande. Pengo na Giriama Point ni mahali pazuri pa kungoja. Ukiwa juu huko unaiona bahari. Atakayeona aseme kwa mkono. Mlango ukibamizwa mara moja tu, kundi zima litaingia msituni na asubuhi yenu imekwisha.

Wasipoonekana, kuna maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha zaidi ya mita 20, ambako askari wa hifadhi huwasindikiza watu kwa miguu. Kaskazini kuna eneo la tembo la Mwaluganje. Lakini kwangu mimi asubuhi mbili za kumtafuta palahala ni bora kuliko siku moja ya kukimbilia kila kitu, hivyo mwenye nafasi alale Kwale usiku wa pili.

Kuna jambo moja ambalo macho mengi ya kundi la marafiki yanaweza kulifanya kuliko doria. Wanyama wa Shimba bado wanategewa mitego ya waya. Mkiona kitanzi kandoni mwa njia, msishuke kukigusa. Pigeni picha ya mahali, na mkifika langoni mwonyesheni askari siku hiyohiyo.