Kabla hujachomelea keria ya gari la shamba

Ndugu mkulima, wengi mnajichomelea keria za Land Cruiser wenyewe nyumbani. Vizuri, ila zingatia haya:

1. Chomoa betri, waya wa hasi kwanza. Mimi nilipuuza siku moja, nikaunguza oltaneta. Klampu ya athi ifunge karibu na unapochomelea, kwenye chuma kisafi.

2. Tumia skwea paipu nyeusi. Bomba la maji lina zinki. Moshi wake mweupe unaleta homa na kutetemeka usiku, utadhani malaria. Kama huna lingine, vaa barakoa, sugua zinki yote, fanyia kazi nje.

3. Piga hesabu ya uzito. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo madumu 10 ya lita 20 ni kilo 200. Ukiyapanga juu, gari linapinduka kirahisi kwenye kona. Maji yakae chini ndani. Juu weka turubai na magodoro.

4. Pipa lililowahi kuwa na petroli usiliguse kwa moto, hata kama limeoshwa. Mvuke uliobaki unalipuka na kuua.

Mwisho, paka rangi ya kuzuia kutu. Kazi njema!