Saratani ya Titi Ikihamia Mgongoni

Wakulima wa pamba wa Bariadi mnajua kwamba mbegu ile ile haioti sawa katika kila udongo. Mwaka 1889 daktari mpasuaji Mwingereza, Stephen Paget, alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi, akaona mambo hayo hayo. Chembe za ugonjwa husafiri katika damu kwenda kote, lakini huota zaidi panapozifaa: mifupani, mapafuni, kwenye ini na ubongo. Zikifika mfupani huchochea mfupa ubomoke, na mfupa unaobomoka hutoa vitu vinavyozikuza. Hata hivyo hiyo si saratani ya mifupa. Bado ni ya titi, na hutibiwa kama ya titi.

Nimewauguza akina mama waliokandwa mgongo miezi mingi bila kuulizwa habari za titi. Mmoja hata mimi sikumwuliza siku ya kwanza.

Uvimbe titini, hata usiouma, usisubiri mavuno. Bugando, Mwanza, wanatibu saratani. Mama aliyewahi kutibiwa titi akiumwa mgongo mfululizo, amweleze daktari historia yake. Miguu ikilegea, aende hospitali siku hiyo hiyo.