Umeme wa Jua na Mali ya Umma

Ndugu zetu wasomaji, jua halina mwenyewe: lamwakia tajiri na maskini sawasawa. Lakini paneli za sola zina bei, na asiye na mali hubaki gizani ilhali jua limemchoma kutwa. Kwa hivyo twaona kuwa yapasa mali ya umma itumike katika jambo hili.

Tuutazame mji wa San Francisco, huko Marekani. Katika miaka ya 2000 na 2001 jimbo la California lilipatwa na uhaba wa umeme. Bei zikapanda, na taa zikazimwa kwa zamu. Wenyeji hawakukaa kulalamika barazani. Walifanya kampeni, na Novemba 2001 wapiga kura walio wengi wakauruhusu mji wao kukopa dola milioni 100 kwa ajili ya umeme wa jua na upepo, deni lilipwe kwa fedha zitakazookolewa katika bili, si kwa kodi mpya.

Mkopo wa riba hatuuafiki. Tuchukueni ile hesabu, tuiache riba: kaunti itoe fedha katika bajeti yake, na akiba ya bili irudi kununua paneli nyingine.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, yatupa haki ya kupeleka ombi katika bunge la kaunti. Basi tuandike, tutie saini, tutake skuli na zahanati zitangulizwe, na fedha za matengenezo zitengwe tangu mwanzo. Tukinyamaza, tusimlaumu mwingine.

Wabillahi tawfiki.