Dondoo muhimu: Kitabu cha kuigiza papo kwa papo

Kabla hujatoa pesa, fungua kitabu katikati. Ukikuta maelezo matupu bila mazoezi, kirudishe rafuni.

Mwalimu mwenye darasa kubwa atafute *Improvisation for the Theater* cha Viola Spolin (1963): kina michezo zaidi ya 200, na mingi haihitaji vifaa. *Impro* cha Keith Johnstone (1979) ni kitamu zaidi kusoma, hasa sura ya hadhi, inayoonyesha jinsi mkao na macho vinavyomtofautisha bwana na mtumishi kabla hawajatamka neno. Mimi ningeanzia hapo. Kikundi cha maigizo ya jamii kimsome Augusto Boal wa Brazili, aliyempandisha mtazamaji jukwaani.

Na Stanislavski, mwalimu wa uigizaji kutoka Urusi, je? Mzuri, ila zaidi kwa anayeandaa tamthilia iliyoandikwa.